Jinsi ya kuikagua na kuisoma sarafu ya bundi wa Athens: mizani kwanza, picha baadae

Wale wa umri wangu mnaikumbuka senti hamsini ya sungura na senti ishirini ya mbuni, ile ya senti tano ilikuwa na samaki, na hata leo mia mbili ina simba na mia tano ina nyati, Kenya nao toka 2018 wameweka twiga, kifaru, simba na tembo. Kwaiyo mtu akikwambia kuna sarafu ina mnyama hushtuki. Ila hebu mwambie shangazi yako umeleta sarafu ya bundi ndani ya nyumba uone. Mi wa kwangu aliniambia niitoe kabla ya magharibi, nikaitupe huko huko nilikoiokota, maana kwetu bundi akilia juu ya paa watu wanaanza kuulizana nani anaumwa.

Athens ya kale mambo yalikuwa kinyume. Bundi alikuwa ndege wa Athena, mungu wa kike ambaye mji unaitwa kwa jina lake, na kumuona ilikuwa heri. Ndo wakamgonga kwenye fedha yao, kichwa cha Athena upande mmoja, bundi upande wa pili, kuanzia mwishoni mwa karne ya 6 KK na wakaendelea nae karne nyingi tu. Sarafu yenyewe watu waliiita "bundi" basi. Walikuwa na msemo pia, ukifanya kazi ya bure wanasema umepeleka bundi Athens, kama vile we leo upeleke karafuu Pemba.

Sasa kwanini naandika haya. Miaka kadhaa nyuma pale Arusha nilimkuta mtu anauza vitu vya zamani, redio za betri, pasi za mkaa, mabeseni ya udongo wa kizungu yaliyobanduka, na ndani ya kopo la vifungo kulikuwa na bundi. Akanipa stori kwamba iliachwa na Mgiriki mwenye shamba la mkonge, na stori ikaniingia kwasababu ni kweli kabisa Wagiriki walikuwa na mashamba ya mkonge Tanganyika enzi hizo. Nikatoa laki moja na nusu nikiwa natetemeka kwa furaha. Wiki ya pili nikaipeleka kwa sonara, nikidhani atanipongeza, akaiweka kwenye mizani ikasoma gramu 13.1, akaidondosha juu ya kioo cha kabati ikalia kama kizibo cha soda. "Mdogo wangu, hii bati." Yaani mi nilikuwa nimeshasoma kila kitu kuhusu Athena, jani la mzeituni, mwezi, herufi, kitu kimoja tu sikufanya, kuipima uzito. Kwaiyo mwongozo huu nimeupanga kwa ule mpangilio ambao ningeufuata siku ile, picha inakuja mwishoni mwishoni, na naomba usiruke.

Kabla ya yote, ujue unashika nini

Bundi ninayemsema hapa ni tetradrakma, yaani drakma nne kwenye kipande kimoja. Drakma ya Athens ilikuwa gramu 4.3 hivi, kwaiyo nne ni gramu 17.2. Chini ya drakma kuna oboli, sita zinafanya drakma moja, na oboli moja ni gramu 0.72, kidude kidogo kama punje, ukikidondosha kwenye zulia umeshakipoteza. (Yule mwanamke wa Luka 15 aliyewasha taa na kufagia nyumba akitafuta shilingi moja kati ya kumi, kwenye Kigiriki hiyo shilingi ni drakma.)

Thamani yake je? Hesabu za ujenzi wa hekalu la Erechtheion za mwaka 408 KK hivi zinaonyesha mafundi wakilipwa drakma moja kwa siku. Bundi mmoja basi ni siku nne za fundi. Sio hela ya kununulia dagaa, ni hela ya kulipia mzigo wa meli.

Na fedha yenyewe ilitoka Laurion, kusini ya Athens, kwenye mashimo waliyochimba watumwa kwa maelfu. Mwaka 483 KK walikutana na mwamba mnono sana, watu wakataka kugawana, kiongozi wao Themistocles akawashawishi wajenge meli za vita badala ya kugawana, Herodotus, mwanahistoria wa enzi hizo, anasema meli 200, na miaka mitatu baadae meli hizo ndo zikawapiga Waajemi pale Salamis. Kwetu neno fedha ni madini na ni hela kwa wakati mmoja, hatutofautishi, na kwa hawa jamaa ilikuwa hivyo hivyo kimatendo, sarafu ni kipande cha madini kilichopimwa, picha ni muhuri wa mji unaosema "uzito huu tunausimamia sisi". Ukilielewa hili hatua zote zinazofuata zinakaa sawa.

Hatua ya 1: vifaa

Mizani ndogo ya dijito inayosoma mpaka gramu 0.01, zile za kupimia vito. Lenzi ya kukuza mara 10, ile ya sonara ya kubana kwenye jicho inatosha. Kalipa ya kupimia upana. Glasi ya maji, uzi mwembamba au mshipi wa kuvulia ule laini kabisa, na taa ya mezani unayoweza kuihamisha hamisha. Basi. Sumaku unaweza kuwa nayo ila haina maana sana, fedha hainasi kwenye sumaku ila bati (madini yenyewe, sio lile la kuezekea) nalo halinasi, risasi nayo hainasi, kwaiyo itakukamatia feki za kijinga tu.

Hatua ya 2: pima

Washa mizani, iache itulie, iweke mbali na feni (mi nimehangaika nusu saa namba zinacheza kumbe ni pangaboi). Pima mara tatu. Bundi wa karne ya 5 KK aliyekaa vizuri anasoma kati ya 17.0 na 17.25, walikuwa makini sana na uzito. Akiwa amelika au amekatwa anaweza kushuka chini ya hapo, lakini hapo macho yako yaone sababu: kama uso umesugulika mpaka pua imepotea nitakubali 16.6, ila kama kila unywele wa Athena unaonekana alafu mizani inasema 15.2, hiyo sio yenyewe. Uzito ukizidi pia ni shida, 17.9 sio zawadi.

Ukikutana na sarafu ya mji mwingine usitumie kipimo cha Athens maana kila mji na ratili yake. Stateri, yaani sarafu kuu ya fedha, ya Aegina ni gramu 12.2 na kidogo. Ya Korintho ni 8.6, nayo wao wanaigawa drakma tatu sio mbili. Efeso tetradrakma yao inacheza kwenye 15. Miji ya Sicily kama Syracuse na Akragas iliifuata Athens, 17 na kitu.

Hatua ya 3: maji

Hii ndo hatua naipenda kuliko zote, haiharibu kitu na haihitaji kumuomba mtu. Weka glasi yenye maji juu ya mizani, maji nusu tu, alafu bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri. Funga sarafu kwa uzi, ishushe izame yote bila kugusa chini wala pembeni, mkono wako ndo umeshika uzi. Mizani itasoma namba ndogo, iandike. Hiyo namba ndo ujazo wa sarafu. Chukua uzito wa hatua ya 2 ugawe kwa hiyo namba.

Mfano: sarafu ina 17.15, kwenye maji mizani ikasoma 1.65. 17.15 gawa kwa 1.65 ni 10.39. Fedha tupu ni 10.49, na bundi wa kale walikuwa karibu na fedha tupu kabisa, kwaiyo 10.3 na kuendelea uko sehemu nzuri. Ile yangu ya Arusha ilisoma 1.75, ukigawa 13.1 unapata kama 7.5, hapo ni mchanganyiko wa bati. Shaba nyekundu ni 8.96, risasi ni 11.34, kwaiyo kuna mjanja anaweza kuchanganya risasi na bati akaipata namba ya katikati, ndo maana hatuishii hapa.

Tahadhari mbili. Povu dogo likijificha kwenye mashimo ya sarafu namba inaharibika, weka tone la sabuni kwenye maji na iguse guse na brashi laini ya mtoto ikiwa ndani. Na rudia mara tatu, kwasababu kosa la 0.02 tu kwenye maji linakusogeza toka 10.39 mpaka 10.27. Ukimaliza ikaushe kwa kitambaa cha pamba kwa kukandamiza, usisugue.

Sonara atataka kukusaidia kwa jiwe lake na tindikali, mwambie ahsante hapana. Jiwe linakwangua, na sarafu iliyokwanguliwa juzi imeshashuka bei. Na ile ya kuidondosha isikike mlio usiifanye kabisa kwa kitu unachoshuku ni cha kweli, fedha iliyokaa ardhini miaka 2400 ndani inakuwa na chembe chembe kama sukari na inaweza kuvunjika vipande viwili mbele ya macho yako. Wanunuzi wa dhahabu wengine siku hizi wana mashine ya eksirei inayosoma madini bila kukwangua, ukipata anayekuruhusu vizuri, ila kumbuka inasoma ngozi ya juu tu.

Hatua ya 4: ukingo, alafu uso

Hapa wengi wanaanza na uso. Anza na ukingo. Sarafu hizi hazikumiminwa kwenye kalibu zikatoka na picha, ziligongwa. Fundi anachukua kipande cha fedha kilichopashwa moto, anakiweka juu ya muhuri wa Athena uliokazwa kwenye fuawe, juu yake anaweka nguzo fupi yenye bundi, alafu nyundo. Ndo maana ukingo wa kweli unakuwa na nyufa ndogo, umepasuka kama mkate ulioiva kwa haraka, hauna usawa, na hakuna sarafu mbili zenye umbo moja. Ndo maana pia Athena mara nyingi amekatwa kishungi cha kofia yake, kipande kilikuwa kidogo kuliko muhuri. Upana ni milimita 24 hivi lakini sarafu ni nono, ukiilaza mezani inakaa kama kipande cha chapati ya maji kilichonenepa katikati.

Feki ya kumimina inajionyesha hapa. Zungusha ukingo taratibu chini ya lenzi, kama kuna mstari unaozunguka katikati, au dalili kwamba mtu amepiga tupa kuuondoa, tayari. Kwenye uso tafuta vitundu vidogo vya mviringo kama ngozi ya chungwa, hayo ni mapovu ya kumimina. Tafuta pia ile laini laini ya sabuni iliyotumika, mistari ya nywele haina makali, kingo za herufi zimeyeyuka. Kwenye sarafu ya kugonga fedha ilikimbia kuingia kwenye muhuri, ukiilaza taa ubavuni utaona mng'ao wenye mistari myembamba ya huo mkimbio.

Sasa hizo ni feki za kitoto. Zile za watu wazima zimegongwa kwa mihuri mipya, kwenye fedha halisi, uzito 17.2, maji 10.4, kila hatua inapita. Hapo dawa ni kulinganisha. Fungua mkusanyo wa British Museum au wa American Numismatic Society, vyote viko wazi mtandaoni, kaa na picha mia, usitafute inayofanana na yako, tafuta kuelewa mkono wa fundi. Na ukikuta sarafu mbili zina ufa ule ule, mkwaruzo ule ule, zimekatika kishungi sehemu ile ile mpaka milimita, basi moja imezaliwa na nyingine, kwasababu muhuri unaweza kurudiwa lakini ajali hairudiwi.

Hatua ya 5: sasa soma picha

Umefika. Upande wa Athena anatazama kulia. Angalia juu ya paji kwenye kofia, kuna majani matatu ya mzeituni yamesimama, na nyuma yake ua la mkunjo mkunjo. Yale majani hayapo kwenye bundi wa mwanzo, yaliongezwa baada ya vita vya Waajemi, kwaiyo ukiona kofia tupu isiyo na majani na sura ya kizamani inayotabasamu, ama una kitu kikubwa sana ama una feki, na kwa bei uliyonunulia unajua mwenyewe ni ipi.

Alafu jicho. Jicho ndo kalenda. Karne yote ya 5 KK Athena anaonekana kwa ubavu lakini jicho lake limechorwa kama anakutazama wewe, limekaa kama lozi, kama zile picha za Misri. Athens ilikuwa na mafundi waliochonga mawe ya hekalu la Parthenon, walijua fika jicho linakaaje, ila hawakubadilisha kwenye sarafu, wengi wanaona ni kwasababu mfanyabiashara wa Misri au Syria alishazoea sura ile na sura mpya ingemtia wasiwasi. Ni sawa na leo, noti mpya ikitoka wiki ya kwanza kuna wenye maduka wanaigeuza mara kumi. Karne ya 4 KK ndo jicho likageuka likawa la ubavu kweli. Kwaiyo jicho la mbele, weka karne ya 5. Jicho la ubavu, karne ya 4. Na kuanzia katikati ya hiyo karne ya 4 utakuta vipande virefu refu vya ajabu, vinene upande mmoja, vingine vinaonekana kabisa kama vimekunjwa ndo vikagongwa, hao sio feki, wako hivyo.

Geuza. Bundi amesimama kulia ila kichwa kakigeuza anakutazama, macho makubwa ya mviringo. Kushoto kwake juu kuna kitawi cha mzeituni chenye majani mawili na tunda, na katikati ya kitawi na bundi kuna mwezi mwembamba. Mwezi unasahaulika sana na wachongaji wa feki za bei rahisi, wanaufanya nukta. Chunguza mkia pia: bundi wa muda mfupi baada ya vita vya Waajemi mkia wake unaishia na vimanyoya vitatu, wa baadae walipoanza kugonga kwa wingi mkia unaishia kama ncha moja tu. Kulia kuna herufi tatu zinashuka, A, alafu duara lenye nukta katikati ambayo ndo theta, alafu E. Ni mwanzo wa neno "la Waathens", mali ya Waathens. Na vyote vimekaa ndani ya kishimo cha mraba, alama ya nguzo ya fundi.

Ukikuta bundi kasimama juu ya mtungi, kazungukwa na shada la mzeituni, sarafu pana na nyembamba, majina ya watu yamejaa pembeni, huyo ni wa karne ya 2 KK na kuendelea, sarafu tofauti kabisa ingawa mji ni ule ule. Na wadau mlioko Oman, Yemen na Ghuba mnaweza kukutana na kitu kitamu zaidi: bundi walioigizwa kusini mwa Arabuni, Athena yule yule ila shavuni ana herufi za Kisabaa, maandishi ya kale ya huko. Sio feki hao, ni hela halali ya wenyeji waliochukua muundo ambao kila bandari inaujua. Misri nao waliiga.

Kama hujawahi kuiona hata moja na uko Ulaya, kagua mfukoni, sarafu ya euro 1 ya Ugiriki ina huyu huyu bundi, kitawi, mwezi na herufi zake. Nzuri ya kujifunzia na haizidi euro moja.

Hatua ya 6: usiogope mkato

Bundi wengi wana mkato mzito wa patasi, mara nyingi umepita katikati ya kichwa cha bundi au shavu la Athena. Mnunuzi mpya anaona uharibifu. Mi naona risiti. Kulikuwa na sarafu za shaba zilizovikwa ngozi ya fedha, kwa macho huwezi kujua, kwaiyo watu walikata kuona ndani. Athens kwenyewe ilitungwa sheria mwaka 375 KK hivi, jiwe lake lilichimbuliwa pale sokoni, Agora, mwaka 1970: kuna mkaguzi, mtumwa wa serikali, anakaa sokoni kati ya meza za wabadilisha fedha. Ukimletea sarafu nzuri anairudisha na ni lazima muuzaji aipokee. Ikiwa ndani ni shaba au risasi anaikata hapo hapo na inapelekwa hekaluni kwa Mama wa Miungu, huipati tena. Yaani mji wenye picha maarufu kuliko zote duniani wakati ule, wenyewe hawakuiamini picha. Mi nani basi nikaiamini kwenye kopo la vifungo?

Misri walikuwa wakali zaidi, kule fedha ilikuwa madini ya kupima tu, na kwenye hazina iliyofukuliwa Asyut mwishoni mwa miaka ya 1960, sarafu karibu 900 za miji mbalimbali, nyingi zimechanwa chanwa kama nyama ya mishkaki. Kwa mnunuzi mwenye mfuko mdogo huu ni mwanya, sarafu yenye mkato inauzwa chini na imeshakaguliwa na mtu makini kuliko wewe. Chungulia ndani ya mkato kwa lenzi: fedha mpaka ndani, na kuta za mkato ziwe na rangi ya uzee sawa na uso. Mkato unaong'aa ni wa juzi, na wekundu wekundu au ukijani ndani ni shaba.

Hatua ya 7: wanyama wengine utakaokutana nao

Hapa napita haraka isipokuwa sehemu moja. Aegina, kisiwa kinachoonekana toka Athens, walikuwa na kasa, alafu katikati ya karne ya 5 KK wakabadilisha wakaweka kobe. Kwa lugha nyingi kasa na kobe wanagombana jina moja, sisi wa pwani hatuna hiyo shida, ukimuona tu unajua. Wa mwanzo ana mapezi, mgongo laini na mstari wa vidonge katikati, huyo kasa. Wa baadae ana miguu ya nchi kavu na mgongo uliogawanyika vigae vigae, huyo kobe. Umeshajua umri wa sarafu bila kusoma hata herufi moja. Mara nyingi inahusishwa na Athens kuwapokonya nguvu za baharini miaka ile, inavutia, ila hakuna Mgiriki wa kale aliyeandika kwamba ndo sababu.

Korintho wana farasi mwenye mabawa na chini yake herufi kama duara lenye mkia, herufi ya kwanza ya jina la mji kwa tahajia ya zamani. Akragas tai na kaa. Efeso nyuki, nyuma ayala na mtende. Taras kijana kapanda pomboo. Alafu kuna miji iliyocheza na jina lake: Rhodes waliweka waridi kwasababu waridi ni rodoni, Phokaia sili wa baharini kwasababu anaitwa foke, Selinus jani la selinoni, mmea wa jamii ya kotimiri. Cyrene, Libya ya leo, waliweka silfioni, mmea uliowatajirisha kama kiungo na dawa, na ukaisha. Kwaiyo ukiona mmea au mnyama asiyeeleweka, kabla ya kutafuta uchawi jiulize mji unaitwaje.

Hatua ya 8: imetoka wapi

Swali la kumuuliza muuzaji kabla ya bei: ilikuwa kwa nani, tangu lini, karatasi iko wapi. Mkataba wa UNESCO wa 1970, ule wa kuzuia biashara haramu ya mali za kale, ndo mstari ambao wengi wanautumia, sarafu yenye ushahidi wa mnada au mkusanyo wa kabla ya hapo inalala salama. Ugiriki, Uturuki na Misri hawatanii na mali zao. Mwaka 1984 wachimbaji wa wizi walifukua hazina ya sarafu karibu 1900 huko Elmalı, Uturuki, zikiwemo dekadrakma, yaani drakma kumi, za Athens, zile kubwa za gramu 43, zikavushwa zikanunuliwa Marekani, na baada ya kesi ndefu zikarudishwa 1999. Aliyezinunua hakubaki nazo.

Na huku kwetu usiokote ukatia mfukoni. Tanzania kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, Kenya ile ya makumbusho na urithi ya 2006. Mwaka huo huo wa 1984 pale Mtambwe Mkuu, Pemba, zilipatikana sarafu zaidi ya 2000, nyingi za fedha, vidude vidogo havina mnyama wala ndege, ni majina ya watawala tu, pamoja na dinari chache za dhahabu. Kwasababu zilikuwa pamoja, zile dinari ndo zikasaidia kujua umri wa zile za fedha. Zingeuzwa moja moja bandarini leo tungekuwa tunabahatisha.

Hatua ya 9: kununua, ukiamua

Bundi wa kawaida wa karne ya 5 KK sio adimu, aligongwa kwa wingi mno, bei yake inaanza dola mia kadhaa kupanda mpaka elfu moja na zaidi kutegemea uso. Kwaiyo anayekuuzia kwa dola 60 hakupendi. Nunua kwa muuzaji anayeandika kwenye risiti kwamba sarafu ni halali na atakurudishia hela hata baada ya miaka kumi ikionekana feki, sio "siku saba". Kama mfuko umebana anza na oboli yenye bundi mdogo, ni nafuu mara nyingi, mi ndo niliyonayo, unaihitaji lenzi hata kuonyesha wageni. Na usinunue ukiwa na haraka wala mbele ya foleni ya watu wanaokusifia.

Hatua ya 10: kuitunza, hasa sisi wa joto na chumvi

Usisafishe. Sio dawa ya meno, sio ndimu na magadi, sio ile dawa ya kung'arishia mikufu. Weusi wa fedha ya kale ni sehemu ya ushahidi na ni sehemu ya bei. Uchafu mgumu wa kijivu unaofanana na nta ya mshumaa ni fedha yenyewe iliyooana na chumvi ya ardhini, ukiubandua unabandua na pua ya Athena, mpelekee fundi wa makumbusho.

Vifuko laini vya plastiki vinavyonuka kama pazia jipya la bafuni viepuke, vinatoa ute wa kijani unaokula sarafu. Plastiki ngumu inayopiga kelele ukiikunja ni salama. Usifunge na raba bendi wala kuifunika kwa gazeti, vyote vina salfa, inageuka nyeusi kwa miezi. Tanga, Mombasa, Unguja, weka ndani ya kopo linaloziba pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu, na uvibadilishe kila masika yakiisha. Shika kwa ukingo, juu ya kitanda au taulo, sio juu ya sakafu ya vigae.

Kwenye kila kifuko tia kikaratasi: uzito, namba ya maji, upana, umenunua wapi, lini, shilingi ngapi. Kile cha bundi wa Arusha bado ninacho, kinasema 13.10, 7.5, na chini shangazi kaandika kwa mkono wake "kisilale chumbani".